Tezo: Ukivaa fulana ya kampuni, maswali yote ni yako

UKISHUKA matatu pale stejini Tezo, kwenye barabara ya Kilifi kwenda Malindi, hukosi kuona kibanda cha M-Pesa. Ndani mara nyingi ni kijana aliyemaliza Kidato cha Nne juzi tu, mbele yake daftari na simu. Kwenye karatasi, kazi yake ni kuweka na kutoa pesa. Kazi yenyewe hasa ni kujibu maswali.

"Mwanangu, mbona nimekatwa nyingi hivi?" Anayeuliza ni hawe aliyetoka shambani, na hataki stori ndefu.

Kusema kweli, kijana huyo hajaajiriwa na Safaricom. Ameajiriwa na mwenye duka, ambaye naye anaishi kwa kamisheni. Lakini kibanda kimepakwa kijani, kwa hivyo kwa hawe yeye ndiye kampuni. Na pengine ada iliyomuudhi hawe haikupangwa hata na kampuni. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Wabunge walipiga kura Nairobi, kijana wa Tezo akaachiwa kueleza.

Kabla ya hapo kulikuwa na corona. Machi 2020, kutuma pesa zisizozidi Sh1,000 kukawa bure. Watu wakazoea haraka, nani hapendi cha bure? Mwaka ulipoisha, ada zikarudi. Walioulizwa "mbona mmeanza tena kutukata?" hawakuwa wakubwa waliokaa na Benki Kuu. Walikuwa hawa hawa wa vibandani na wale wanaopokea simu za wateja.

Sasa tuseme wewe umesonga mbele kidogo. Umemaliza Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, ukapata kazi kwenye kampuni ya mtandao Mombasa. Wikendi unarudi nyumbani na fulana yenye nembo. Jameni, hiyo fulana ivue ukifika Mtondia! Ukienda matangani nayo, utakula pilau ukiwa kizimbani.

Swali gumu kuliko yote lilikuja Juni 2024. Tarehe 24, Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima intaneti wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ikazorota nchi nzima. Safaricom ikatoa taarifa kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu. Vijana wengi hawakuamini hata kidogo.

Hapa sisi wa Pwani tuna la kusema, maana nyaya hizo zinatua kwetu. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009. Na hukatika kweli: Mei 2024, mwezi mmoja tu kabla, hitilafu kwenye nyaya za SEACOM na EASSy ilifanya intaneti Afrika Mashariki kutambaa kama kobe. Kwa hivyo maelezo hayo yangeweza kuwa ya kweli siku yoyote nyingine. Shida ilikuwa siku yenyewe.

Jiweke kwenye viatu vya mfanyakazi wa huduma kwa wateja jioni ile. Wenzako wa rika lako wako barabarani, wengine wamepigwa risasi. Wanakuandikia kwa hasira, na wewe una taarifa moja uliyopewa. Huujui ukweli zaidi ya huo. Ukiirudia, unaitwa msaliti, na ukikaa kimya, bosi anauliza mbona hujibu. Mimi sioni kama huyo ni mwongo, ila sioni pia kwa nini aliyeulizwa aridhike.

Cha ajabu ni kwamba wanaojua mara nyingi ndio waliofungwa mdomo. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alikuja Nairobi kufanya kazi katika kampuni ya Sama, akichuja picha na video za kutisha za Facebook. Kazi ya aina hiyo huenda na karatasi ya kutunza siri. Alipoamua kusema mwaka 2022, kwanza kwa jarida la TIME kisha mahakamani Nairobi, ndipo Wakenya wengi walipojua kazi ile ilivyowaumiza vijana akili. Aliyekuwa ndani alieleza vizuri kuliko taarifa yoyote ya kampuni, lakini wakati huo hakuwa tena na kazi.

Kwa kijana wa Tezo mambo si makubwa hivyo, ila jibu la uongo linamgharimu vilevile, maana hawe anamjua mpaka kwao. Mtu akikosea nambari, wakala anaweza kumwonyesha jinsi ya kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, haraka kabla aliyepokea hajatoa pesa. Anaweza kumpigia 234. Kuzirudisha hawezi, hana kitufe hicho. Wapo wanaosema "zitarudi kesho" ili foleni isonge. Kesho yake asubuhi hawe yuko pale pale, ameketi kwenye benchi kabla kibanda hakijafunguliwa.