Vita vya Kagera: Kweli, Uongo na Nusu Kweli

Zaidi ya miaka 45 imepita tangu majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda yavuke Mutukula, na walioyaona kwa macho wanazidi kupungua. Ukikaa kijiweni Bukoba au penye rubisi huko Muleba, utahakikishiwa mambo ambayo hayakutokea, na baadhi ya yaliyotokea utaambiwa ni uzushi. Tuyapime yale yanayosikika mara kwa mara.

“Amin aliiteka Bukoba.”

Uongo. Alichokiteka ni ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera: Mutukula, Kakunyu, Minziro, Bunazi hadi ukingoni Kyaka, kama kilomita za mraba 1,800. Leo eneo hilo limo wilayani Missenyi. Bukoba mjini ilipigwa mabomu ya ndege mwaka 1972, ikapigwa tena Oktoba 1978. Vioo vilipasuka, watu wakachimba mahandaki, na wengine wakabeba watoto na godoro wakashika njia ya kusini. Hofu ilifika mjini, askari wa Amin hawakufika. Muleba nayo haikukanyagwa na adui hata siku moja. Ilipitiwa na waliokimbia, na baadaye ikawapokea wafu: makaburi ya mashujaa wa vita hivyo yako Kaboya, wilayani humo.

“Daraja la Kyaka tulilivunja wenyewe ili asivuke.”

Uongo, ingawa naelewa kwa nini watu wanaamini hivyo, maana anayekimbia ndiye huvunja daraja nyuma yake. Safari hii alilivunja mvamizi. Ndege za Uganda zilijaribu kulipiga zikalikosa, ndipo akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, na tarehe 3 Novemba 1978 likaanguka. Siku mbili kabla yake Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Hakuwa na haja ya kuvuka. Alitaka sisi ndio tushindwe kuvuka.

“Mpaka wa haki ni mto Kagera.”

Uongo. Mpaka ni mstari wa nyuzi 1 kusini ya ikweta, waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 wakiwa Ulaya na ramani mbele yao. Hakuna mkulima wa migomba wa Kiziba aliyeulizwa. Mstari huo hauna akili nyingi, hilo tukubali, kwani umekata koo na malisho. Lakini mto nao haujui mipaka, kwani wenyewe unaingia Uganda na kumwaga maji yake ziwani huko huko. Na nchi za Afrika zilikubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya mkoloni ibaki ilivyo, kwa sababu ikianza kurekebishwa hakuna atakayelala usingizi.

“Tulivamiwa tukiwa tumejikalia kimya.”

Hapa ndipo Watanzania wengi hukunja uso. Jibu ni nusu kweli. Amin alipompindua Milton Obote, Januari 1971, Rais Nyerere alikataa kumtambua na akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka ardhi yetu kwenda kumwondoa Amin, wakashindwa vibaya Masaka na Mbarara. Mabomu yaliyoangukia Bukoba na Mwanza mwaka huo yalikuwa jibu la jaribio hilo. Mkataba wa Mogadishu, Oktoba 1972, ulituliza mambo bila kuyamaliza.

Hata hivyo, cha 1972 hakihalalishi cha 1978. Kufikia mwaka huo jeshi la Amin lilikuwa linatafunana lenyewe, vikosi vikiasi, na vita vya nje vilimfaa mtu aliyeshindwa kutuliza kambi zake. Waliolipa ni wanavijiji. Raia waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Ng’ombe walisombwa kwa maelfu, mabati yakang’olewa juu ya nyumba, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Na hatukuwa tayari. Mpakani palikuwa na askari wachache, makao ya brigedi yalikuwa Tabora. Katika taharuki ya siku za mwanzo, wapiga mizinga wetu waliokuwako Musoma waliziangusha ndege 3 za kivita, na zote zilikuwa zetu. Hili si uzushi wa wapinzani, ingawa kwenye hotuba za Siku ya Mashujaa halitajwi sana.

“Ilikuwa vita ya Waislamu na Wakristo.”

Uongo, na kati ya yote yanayosemwa huu ndio wenye sumu zaidi.

Unapata nguvu kwa sababu una vipande vya kweli ndani yake. Amin alikuwa Mwislamu na aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Gaddafi wa Libya alimletea askari na silaha. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa mikononi mwa utawala wake. Ng’ambo ya pili alikuwako Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Na Kagera ni mkoa wa Kadinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu huko Muleba, na wa Askofu Josiah Kibira aliyeliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani miaka ile ile ya vita. Mtu akitaka kuchora picha ya misalaba na mwezi, rangi anazo.

Sasa tazama upande wetu ulikuwa na nani. Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe. Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa. Mkuu wa Majeshi alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Wote watatu Waislamu. Askari na mgambo waliopanda malori kuelekea Kyaka walitoka Tanga, Lindi na Unguja sawa na walivyotoka Mara na Ruvuma. Na askari wa Amin walioingia vijijini kupora hawakuuliza nani anaswali na nani anasali. Ng’ombe wa Mwislamu alisombwa pamoja na wa Mlutheri. Gaddafi mwenyewe hakuja kuswalisha. Alikuja kumnusuru rafiki wa kisiasa. Ndege yake ya Tupolev iliyotumwa kuipiga Mwanza mwaka 1979 iliukosa mji, mabomu yakatua kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Damu ya kidini ilikuja kumwagika baadaye, upande wa pili wa mpaka. Baada ya Amin kuanguka, makumi ya Waislamu wasio na silaha waliuawa magharibi mwa Uganda kwa kuhesabiwa kuwa watu wake. Anayependa kuiita vita ya Kagera vita ya dini aanze kwa kuwakumbuka hao, maana waliuawa kwa uongo huu huu.

“Askari wetu walikuwa wakombozi, basi.”

Kweli, lakini ondoa neno “basi”. Waganda wengi waliwapokea kwa vifijo Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kabla ya hapo, Januari, Mutukula ya upande wa Uganda ilikuwa imesawazishwa chini kwa hasira ya yaliyotendeka Kagera, na raia walikufa. Nyerere hakufurahi, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Amri ilifuatwa mara nyingi, si mara zote. Jeshi letu likabaki Uganda hadi 1981, na kukaa kwenye nchi ya mwenzako miaka 2 kuna majina mengine zaidi ya ukombozi.

“Vita ndivyo vilivyoleta ukimwi Kagera.”

Nusu kweli ya kutumia kwa uangalifu. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ndiyo maana watu waliunganisha mambo mawili. Lakini virusi vilikuwa vimeishi ndani ya binadamu miongo kadhaa kabla ya hapo, huko bonde la Kongo. Vita vilitikisa watu: majeshi yalizunguka, familia zilitawanyika, na umaskini ukafungua milango ya magendo kati ya Bukoba na Uganda. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara hao hao. Vita huenda vilisaidia kueneza. Chanzo si vita.

“Kabla ya Amin, Bukoba haikujua vita vya kigeni.”

Uongo mtupu. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaushambulia mji wa Wajerumani, wakabomoa kituo cha redio, kisha wakapora na kuchoma. Bukoba ililipa kwa ugomvi wa Ulaya.

“Mkoa huu umeitwa Kagera tangu enzi.”

Uongo. Uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la sasa limekuja baada ya vita.

“Miezi 18 ya kufunga mkanda aliyotuomba Nyerere baada ya vita ilitosha.”

Uongo. Aliyekuwa akipanga foleni ya sukari na sabuni mwaka 1983 anajua jibu. Ila si haki kuibebesha vita lawama yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, bei ya kahawa ilishuka baada ya kupaa, na mafuta yakapanda 1979. Vita viliukuta uchumi ukiwa tayari unayumba.

“Amin alikamatwa.”

Uongo. Alikimbilia Libya, baadaye Saudi Arabia. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, na hakuwahi kusimama mbele ya mahakama yoyote kwa yaliyowapata watu wa Kakunyu, Minziro na Kyaka.