Breki Huanza Kabla ya Mteremko

Wenye baiskeli wa Umatengo wanajua jambo moja. Kupanda mlima kunachosha, lakini kuteremka ndiko kunakovunja watu miguu. Milima yetu hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Kwa hiyo anayetoka huko juu kwenda Mbamba Bay au Liuli hushuka zaidi ya mita 1,000.

Siku hizi barabara kuu ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina lami, na pikipiki ni nyingi. Hata hivyo, njia nyingi za vijijini bado ni za udongo, na baiskeli bado inabeba mazao, na hata wagonjwa.

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Machi. Mvua imenyesha usiku kucha. Kijana amefunga gunia la viazi kwenye keria, anataka kuteremka. Anakutana na mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Breki zako zikoje?"

"Zinashika vizuri, baba. Nilizijaribu jana."

"Jana palikuwa pakavu."

Maneno hayo matatu yana elimu kubwa.

KWA NINI BAISKELI HUTELEZA?

Tairi hushika njia kwa sababu ya msuguano. Sugua viganja vyako vikiwa vikavu: vinashikana. Vipake maji na sabuni, usugue tena: vinapitana tu. Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi hufanya kazi kama ya sabuni hiyo. Tena matope hujaa kwenye meno ya tairi, likawa kama kipara.

Breki nazo hulowa. Mipira ya breki ikibana rimu yenye maji, kwanza inafuta maji, ndipo inaanza kushika. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita zaidi ya mita 5 kwa sekunde moja. Breki zikichelewa sekunde mbili, umekwisha pita mita 11. Kona haikungoji.

WENZETU WA NCHI ZA BARIDI

Theluji tunayoisikia iko kileleni Kilimanjaro, katika nchi za kaskazini huanguka mpaka barabarani. Katika mji wa Oulu, nchini Finland, watu wengi huendesha baiskeli hata wakati huo, wakubwa kwa watoto. Njia zao husafishwa, na wengine hufunga tairi zenye vichuma vidogo vya kuuma barafu. Lakini kanuni zao kubwa hazihitaji fedha: kwenda polepole, kutokata kona ghafla na kutofunga breki ghafla. Barafu na matope ni ndugu. Kanuni hizo zinatufaa na sisi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kagua breki kabla ya safari. Mipira iliyokwisha ibadilishwe.

2. Usijaze tairi upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. Tairi lililolegea kidogo hukanyaga sehemu kubwa zaidi ya njia. Lakini ukiwa na mzigo mzito usipunguze upepo, maana rimu itagonga jiwe na kukata tyubu.

3. Funga mzigo chini na katikati. Mzigo ulioegemea upande mmoja utakuvuta kwenye kona.

4. Simama kabla ya kuanza kuteremka, ujaribu breki hapo hapo. Tumia zaidi breki ya nyuma. Gurudumu la mbele likifungwa kwenye utelezi, usukani hauna kazi tena. Bana kidogo, achia, bana tena.

5. Punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Ukiwa ndani ya kona umechelewa.

6. Mwezi wa Juni na Julai kuna baridi na ukungu. Vidole vikifa ganzi havibani breki upesi. Kama huna glavu, vaa soksi mikononi. Washa taa, piga kengele, vaa nguo inayoonekana kwa mbali.

7. Hata lami huteleza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganya vumbi na mafuta ya magari.

8. Mteremko ukiwa mkali na wenye matope, shuka, ukokote baiskeli. Kama umebeba mgonjwa, mtu wa pili ashike keria kwa nyuma.

Wengine huona aibu kukokota baiskeli wakati watu wanawatazama. Ndugu, aibu hiyo huisha ukifika bondeni salama. Lakini mguu ukivunjika wakati wa palizi, magugu hayasubiri upone. Mke, mume na watoto ndio watakaobeba kazi yako, na fedha za viazi zitaishia kwenye matibabu.

Kijana wetu alishuka kwenye baiskeli akaikokota. Alifika amechelewa, lakini alifika na viazi vyake vyote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni mteremko gani watu huanguka mara kwa mara? Kwa nini?

2. Mnaweza kufanya nini pamoja ili maji ya mvua yasipite katikati ya njia hiyo?

3. Breki za baiskeli yako zilikaguliwa lini mara ya mwisho?