Kabla fundi hajafuta kompyuta ya kikundi



Vikundi vyetu vingine vya akiba vimeanza kuandika hesabu katika kompyuta. Siku moja mnaiwasha, kioo kinabaki cheusi na maneno haya: « No bootable device ». Maana yake, mashine haikuona diski ya kuamkia. Msilie bado. Mara nyingi hesabu zimo ndani, mashine ndiyo inayotafuta mahali pengine.

Kompyuta ikiwashwa hufuata orodha: iangalie wapi kwanza, wapi pili. Ikiwa orodha inaanza na flashi, na mtu alisahau humo flashi yenye picha za arusi, mashine yaweza kukwama hapo. Basi zimeni, ondoeni flashi na CD, washeni tena.

Ikikataa, washeni huku mkibonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagua diski. Kwa Dell ni F12, kwa HP ni F9. Shukeni kwa mishale hadi diski ya ndani, kisha Entrée. Ikiamka, shida ilikuwa orodha tu. Kuipanga upya, ingieni kwa F2 kwa Dell, F10 kwa HP, mkatafute sehemu ya Boot. Diski ya ndani iwe ya kwanza.

Shida ikirudi kila mara, tazameni tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, batri ndogo ya ndani imechoka. Katika kompyuta za mezani mara nyingi ni ile ya mviringo kama kifungo, volti 3, imeandikwa CR2032. Ndiyo inayotunza saa wakati hakuna umeme, na kwa mashine nyingi za zamani inatunza hata orodha ile. Kuibadilisha si kazi kubwa.

Diski isipoonekana kabisa, labda waya umelegea au diski imekufa. Hapo pelekeni kwa fundi Kasongo, lakini mwekahazina aende naye. Fundi akisema ataformata, ni kusema atafuta vyote. Aombwe kwanza atoe hesabu na kuziweka pembeni. Minervali ya watoto wa mama fulani imeandikwa mle.

Na kila baada ya mkutano, nakilini hesabu kwenye flashi. Buku la karatasi nalo lisitupwe.