Saa ya Uzazi ya Panya Jike, na Faida ya Kuijua



Panya akila debe moja la mahindi ghalani mwako, hasara hiyo waiona kwa macho yako na kuipima kwa mikono yako. Lakini iko kazi nyingine aifanyayo usiku ambayo huioni, nayo ndiyo iletayo hasara ya msimu ujao. Kazi hiyo ni kuzaa. Watu wengi, waonapo panya wamejaa ghafula, husema kwamba wametoka msituni au wameshuka pamoja na mvua. Sivyo. Wengi wao wamezaliwa papo hapo, ndani ya kuta zako na kando ya shamba lako, kwa utaratibu wenye hesabu. Yafaa uujue utaratibu huo, maana mtu hawezi kupigana vema na adui asiyejua mwendo wake.

Tarishi waliomo katika damu

Katika mwili wa kila mnyama zimo tezi zitoazo vitu viitwavyo homoni. Homoni huingia katika damu na kupeleka habari toka kiungo hiki mpaka kiungo kile, kama tarishi achukuavyo barua. Kwa panya jike ofisi kuu ni ubongo. Chini ya ubongo iko tezi ndogo ipelekayo amri kwa ovari, yaani viungo viwili vitunzavyo mayai. Ovari nazo hazikai kimya, bali huujibu ubongo kwa homoni zao wenyewe.

Mwaka 1922 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, J. A. Long na H. M. Evans, walitoa kitabu juu ya panya weupe wa maabara, ambao ni uzao wa panya wakubwa wa kahawia waonekanao bandarini. Kwa kutazama kwa darubini utando wa uke wa panya jike kila siku, walionyesha kwamba mzunguko wake wa uzazi huisha kwa siku 4 au 5 tu. Ng'ombe wako hungoja siku 21 hivi kabla ya kumtaka dume tena.

Habari za siku nne

Siku ya kwanza, mayai yakiisha kutoka, vile vijifuko vilivyoyachukua hugeuka kuwa tezi ndogo za manjano. Siku ya pili tezi hizo hutoa homoni iitwayo projesteroni, lakini kwa muda mfupi tu. Siku ya tatu projesteroni hupungua. Vijifuko vipya vyenye mayai hukua, navyo huanza kutoa homoni nyingine iitwayo estrojeni. Siku ya nne estrojeni hufika kilele chake.

Hapo liko jambo la ajabu. Siku nyingine estrojeni huizuia ile tezi ya chini ya ubongo isitoe homoni nyingi. Lakini ikizidi na kudumu kwa saa nyingi, haizuii tena, bali huihimiza. Alasiri ya siku ya nne tezi hiyo hufurika, ikatoa kwa ghafula homoni ya kupevusha mayai. Projesteroni nayo hupanda upesi. Jioni jike humtafuta dume, na usiku wa manane mayai hutoka.

Mwaka 1950 J. W. Everett na C. H. Sawyer walieleza jinsi walivyoipima saa hiyo huko North Carolina, Marekani. Waliwapa majike dawa ya usingizi siku ya nne, kabla ya saa nane mchana, na usiku ule mayai hayakutoka. Yalichelewa siku nzima, maana ubongo ulingoja saa ile ile ya kesho yake. Dawa ikitolewa baada ya saa kumi haikuzuia kitu, kwa sababu amri ilikwisha kutoka. Mwanga wa mchana na giza la usiku ndivyo vitegavyo saa hiyo.

Jike akipandwa, ubongo wake huamuru homoni nyingine, prolaktini, itoke mara mbili kila siku. Hiyo huzihifadhi zile tezi za manjano zisife, nazo huilinda mimba kwa projesteroni. Mimba huchukua siku 21 hata 23. Akiisha kuzaa, kabla siku moja haijapita, aweza kupandwa tena, akawa ananyonyesha watoto hawa na kuchukua mimba ya wengine.

Panya wa shamba

Panya wa shamba mwenye matiti mengi, afukuaye mbegu za mahindi, si yule mweupe wa maabara, wala hesabu ya siku zake si ile ile. Lakini tarishi wake ni wale wale. Yeye huzaa kwa kufuata mvua. Huko Morogoro, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemchunguza kwa miaka mingi, kuzaa huanza masika yakiisha kuchipusha majani, na jike mmoja huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Baada ya mavuno panya huwa tele.

Wataalamu wamejaribu pia chambo chenye homoni za kutengenezwa, ili kuzivuruga habari za tarishi panya asizae. Hiyo ni kazi yao. Wewe usitie katika chambo vidonge vya uzazi vya binadamu.

Mambo ya kufanya

1. Tega mapema, wakati wa kupanda, kabla ya majani mapya kustawi. Panya ni wachache wakati huo, na jike uuaye sasa hatazaa msimu huu. Ukingoja mavuno utaua mmoja, na binti zake watabaki.

2. Fyeka majani ya kando ya shamba, wala usiache marundo ya mabua. Humo ndimo jike alazapo watoto.

3. Inua ghala juu ya nguzo, na kila nguzo uivishe bati lililopanuka kama mwavuli, panya asipite. Matawi ya mti yasifikie paa.

4. Usimwage nafaka uani. Jike apataye chakula tele huzaa. Mwenye njaa hukawia.

5. Fanyeni kazi hii majirani wote kwa siku moja. Ukisafisha shamba lako peke yako, panya wa jirani watalijaza tena.

Mkutanapo kabla ya msimu, chagueni siku hiyo, mhesabu mitego iliyopo, na nyumba isiyo na mtego iazimwe. Mwiteni na Bwana Shamba wa mahali penu awaonyeshe namna ya kuitega. Kidole kimoja hakivunji chawa.