Nani Aruhusiwe Kuandika Dawa ya Maumivu?

Morfini ya kunywa inayotumika Uganda hutiwa rangi. Ya kijani ndiyo hafifu, nyekundu ina nguvu zaidi, na ya bluu ina nguvu kuliko zote. Rangi hizo ziliwekwa kwa ajili ya mlezi asiyejua kusoma, anayempa mgonjwa wake dozi ya usiku kwa mwanga wa kibatari, asije akachukua chupa isiyo yake. Mimi ni muuguzi, kwetu ni Kagera, na nilipovuka mpaka wa Mutukula kwenda Kampala kusomea huduma shufaa, rangi hizo zilinigusa kabla ya somo lolote. Niliona kuwa kuna mtu aliyekaa akaifikiria nyumba ya kijijini, si wodi peke yake.

Huduma shufaa ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito pamoja na wale wanaomuuguza. Tunapunguza maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi, tunasafisha vidonda, tunasikiliza hofu, tunazungumza na familia kuhusu nauli, ada za watoto, wosia na sala. Haichagui umri, wala haingoji mtu awe anakata roho. Inafaa ianze siku ugonjwa unapotambuliwa, iende sambamba na matibabu mengine. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, aliliona hilo mapema. Alipofungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mwili hayatengani na ya moyo, ya umaskini na ya imani. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 wanaihitaji huduma hii kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Wengi wa wanaoikosa wako katika nchi kama zetu.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa maana ya kuikosa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Nimekulia katika miaka ambayo vijana walirudishwa kutoka mjini wakiwa wamekonda, wakalazwa chumba cha nyuma, na mama zao wakabaki na beseni, kitambaa na maji ya moto. Upendo ulikuwepo tele. Dawa ya maumivu haikuwepo, na kilio cha usiku kilisikika hadi nje migombani.

Upande wa pili wa mpaka, mwaka 1993, daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Alikuwa ametoka kufanya kazi Nairobi Hospice, iliyofunguliwa mwaka 1990, na kabla ya hapo Singapore, alikosaidia kupata njia rahisi ya kutengeneza morfini ya kunywa: unga wa morfini, maji safi, kihifadhi cha kuzuia isiharibike, na rangi. Basi. Hakuna mashine ya ajabu ndani yake, na bei yake ni ndogo. Serikali ya Uganda ilikubali unga huo uingizwe nchini, na baadaye mgonjwa akawa anaipata dawa bila malipo.

Lakini chupa ikiwa kwenye stoo, na mwenye ruhusa ya kuiandika yuko mbali, mgonjwa bado analia. Daktari ni mmoja, wilaya ni nzima, barabara ni ya matope. Hapo ndipo Uganda ilipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko dawa yenyewe. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa, wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa wakaruhusiwa kuandika morfini. Siyo kila aliyevaa sare nyeupe. Ni yule aliyekaa darasani na wodini kwa miezi 9, akafanya mitihani, akaenda majumbani na waalimu wake, akafaulu. Nchi nyingi bado zinamwachia daktari peke yake kalamu hiyo. Anayefika nyumbani kwa mgonjwa kwa bodaboda ni muuguzi. Anayemjua mkwe mkali na jirani mwenye huruma ni muuguzi. Ni haki gani basi afike, aone, apime, kisha arudi mikono mitupu kutafuta saini?

Najua jibu linalotolewa: morfini ni hatari, watu watageuka mateja. Hofu hiyo naikuta kila nyumba, na nyingine naikuta kwa wenzangu wa kazi, kwa hiyo niseme tunavyoitoa. Tunaanza na dozi ndogo, kwa mtu mzima mara nyingi miligramu 2.5 au 5, kila baada ya saa 4. Ya kulalia huwa mara mbili ya kawaida ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Tunapandisha kidogokidogo mpaka maumivu yatulie. Siku za kwanza wengi hulala sana, na familia hushtuka. Mara nyingi ni mtu ambaye kwa wiki nzima hakufumba macho, sasa mwili unadai deni lake. Kichefuchefu huja na kuondoka. Kufunga choo hakuondoki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa siku hiyohiyo. Ikikosekana, Kampala walitufundisha mbegu za papai zilizokaushwa. Mgonjwa anayekunywa kwa mpango huu, kwa ajili ya maumivu halisi, ni nadra kugeuka teja. Wala dozi iliyopimwa vizuri haimwui mtu. Nimeona wanaoinywa wakiinuka kwenda shambani, wakiketi kwenye kikao cha harusi ya binti yao.

Watoto ndio wanaoniumiza zaidi, maana wanasahaulika. Mtoto mwenye maumivu makali ya muda mrefu halii. Anakaa kimya, hachezi, anamtazama mtu bila kugeuza shingo, na wakubwa wanamsifu kuwa ametulia. Sisi tunamwonyesha michoro ya nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayotoa machozi, naye anagusa iliyo yake. Kwa mchanga asiyeweza kugusa tunatazama miguu inavyojikunja, kilio, uso, na kama anabembelezeka. Kampala hiyohiyo, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya saratani inayovimbisha mataya ya watoto, ambayo sasa ina jina lake. Wengi wa watoto hao wanaweza kupona kwa dawa za saratani wakiwahi. Je, tuseme hawahitaji huduma shufaa kwa kuwa watapona? Dripu inauma, mdomo una vidonda, mama ameuza mbuzi apate nauli, baba amebaki na wadogo. Ni wakati huohuo wanatuhitaji.

Na kuna wa seli mundu. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Maumivu yao huja ghafla, mifupani, kama nyundo. Akiwa mdogo anabebwa na kuhurumiwa. Akifika miaka 17, akaja mapokezi akisema anahitaji dawa kali, anatazamwa kwa jicho la shaka. Ugonjwa ni uleule, mifupa ni ileile. Kilichobadilika ni ndevu. Huyu naye ni wetu, kuanzia uchanga wake hadi uzee wake.

Wazee wana njia yao ya kujificha. Bibi mmoja nilimkuta kitandani, mkono umekaza ukingo wa kitanda mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Sista. Mimi ni mzima tu, karibu uketi."

Nikaacha kumuuliza kama anaumwa. Nikamuuliza lini aliingia kanisani mara ya mwisho, nani anamfunga khanga, usiku anageukia upande gani. Kwa maswali hayo akaeleza yote: nyonga, mgongo, aibu ya kumwamsha mjukuu. Watu wa umri wake wamelelewa kuwa kulalamika ni kuwatesa watoto. Wengine hawana saratani kabisa. Ni moyo uliochoka, figo, kiharusi, au akili iliyoanza kupotea. Moyo ukichoka sana pumzi hukatika, na hata hapo, matibabu mengine yakishindwa kuituliza, morfini kidogo husaidia.

Niongeze jambo ambalo halisemwi magazetini kwa sababu ya staha. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa wanawake wetu, na ikichelewa, pamoja na ya titi, hutoa harufu. Mume anahamia chumba kingine, majirani wanasalimia wakiwa uani, mgonjwa mwenyewe anakataa wageni. Vidonge vya metronidazo, vilevile tunavyovijua kwa jina la Flagyl, vikisagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, hupunguza harufu hiyo ndani ya siku chache. Bei ya vidonge hivyo haifiki ya soda. Uliza kwanza kwa muuguzi wako, lakini uliza.

Uliza pia mengine. Ukiwa na mgonjwa, mweleze mhudumu maumivu yako wapi, yanaanza saa ngapi, yanamzuia nini. Andika kwenye daftari saa za dawa na alichosema baada ya kunywa. Muulize waziwazi kama hospitali ya wilaya ina morfini ya kunywa na nani ameruhusiwa kuiandika. Ukijibiwa kuwa aliyeruhusiwa yuko safarini na atarudi wiki ijayo, usiishie pale dirishani. Lipeleke swali hilo kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa diwani, kwa mbunge, ukiwatajia mwaka 2004 na jirani zetu wa Uganda.