Idjwi: Walienda kuvua sambaza mwezi ukiwa mpevu

Vijana saba wa mji wa Bukavu, wavulana watano na wasichana wawili, walichanga pesa ili wapige kambi siku mbili kwenye ufuko wa Idjwi na kuvua sambaza pamoja na wavuvi wa kisiwa hicho. Walichagua mwisho wa juma ambao mwezi ungekuwa mpevu, ili picha zipendeze. Hilo lilikuwa kosa lao la kwanza, na hakuna aliyelijua mpaka walipofika.

Siku ya posho mchana walikuta mitumbwi imefungwa, nyavu zimeanikwa, na wavuvi wamekaa chini ya mgomba wanashona matundu. Mzee mwenye mitumbwi aliwauliza kama huko mjini watu hawaangalii juu.

Sambaza huvuliwa gizani. Mchana samaki hao hukaa chini, usiku hupanda wakifuata vijidudu wanavyokula, na wakiona taa hukusanyika chini yake. Hapo ndipo wavu ulioshushwa katikati ya mitumbwi mitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu, huvutwa juu polepole huku watu wakiimba ili mikono iende pamoja. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea ziwa zima na taa haina nguvu tena. Ndiyo maana kila mwezi wavuvi wa Kivu wana siku zao za kupumzika. Na sambaza wenyewe si wenyeji wa ziwa hili: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kuvua kwa wingi. Leo ni vigumu kukuta soko la Bukavu au Goma bila fungu lao.

Basi wageni wakaomba ndoano. Walivua kutoka kwenye mawe ya ufuko kwa chambo cha minyoo, na kwa saa tatu walipata tilapia mbili zisizojaza sahani. Ndoano ya tatu ilimshika mmoja wao kwenye kidole gumba. Aliivuta kwa nguvu, ikazidi kuingia. Mama mmoja aliyekuwa anafua karibu akamkataza, akaisukuma mbele mpaka ncha ikatokea upande mwingine, akaikata kwa koleo na kutoa kipande kilichobaki. Kijana alilia machozi mbele ya wasichana, na jambo hilo lilitajwa mara nyingi sana siku zilizofuata.

Jioni wakabishana juu ya mahali pa hema. Wengi walitaka bonde dogo lenye majani laini. Msichana mmoja aliyekulia Goma alikataa katakata: kwao watoto wanafundishwa kutolala penye shimo, kwa sababu ya mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hujikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu bila kelele. Wenyeji walicheka, wakasema mazuku ni mambo ya huko kwenye mawe ya volkeno. Lakini yeye alipandisha hema lake juu ya kilima kidogo. Saa nane usiku mvua kubwa ikanyesha. Hakukuwa na mazuku, ila bonde lilijaa maji mpaka magotini, na watu watano wakapanda kilima wakiwa wamebeba magodoro yaliyolowa. Wote saba walilala kwenye hema la watu wawili, na shitingi ya mzee juu yao.

Siku ya yenga walipaswa kurudi. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi meupe yalionekana mpaka mbali. Mzee alikataa kuwasha motere. Hapo mchezo ukaisha, maana kijana mmoja alikuwa na mtihani wa kazi siku ya kwanza saa mbili asubuhi, baada ya kuzunguka na diploma yake kwa miaka minne. Aliomba, akaongeza bei, mwishowe akatafuta mtumbwi mwingine. Akampata mtu aliyekubali.

Mzee hakupiga kelele. Aliuliza tu wana jaketi ngapi za kujiokoa. Zilikuwa tatu kwa watu saba. Kisha akawakumbusha tarehe 3 Oktoba 2024, wakati mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama, na makumi ya watu wakafa. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na labda kwa hiyo watu wengi wanaliona la upole. Kijana alikaa juu ya mfuko wake karibu saa nzima bila kusema. Halafu akampigia dada yake simu, akamwambia hatafika.

Jioni upepo ulitulia. Siku moja baada ya kuwa mpevu, mwezi huchelewa kidogo kutoka, na usiku ule mawingu yalikuwa bado yamefunika upande wa mashariki. Mzee aliangalia juu, akaita watu wake. Hawakwenda mbali na ufuko. Kwa muda usiofika saa mbili wavu ulishushwa mara tatu: mara ya kwanza maji matupu, mara ya pili kidogo, mara ya tatu sambaza waling'aa kama misumari mipya. Kijana wa mtihani ndiye aliyevuta kwa nguvu kuliko wote, na wavuvi wakamcheka kwa sababu alikuwa nyuma ya wimbo kila mara. Nusu beseni. Walizikaanga palepale kwa mafuta ya mawese, na bugali, pilipili na ndimu, wakala na vichwa vyake, mpaka mwezi ukatoka mawinguni na kazi ikasimama.

Walifika Bukavu siku ya kwanza mchana, na mananasi mawili ya Idjwi yaliyotolewa na yule mama wa koleo. Kijana alienda moja kwa moja ofisini akiwa na nguo zenye harufu ya samaki. Mtihani ulikuwa umekwisha. Waliandika namba yake ya simu kwenye daftari, wakamwambia angojee.