Wakongwe wa Benga Wanapopanga Nyimbo za Onyesho

Bendi ya benga, muziki wa dansi uliokulia katika mwambao wa Ziwa Victoria, inapokusanyika upya baada ya kutengana au kufiwa na kiongozi, kama Shirati Jazz ilivyoondokewa na D.O. Misiani aliyefariki Kisumu mwaka 2006, hulazimika kuamua nyimbo zipi zipigwe na kwa mpangilio upi.

Uamuzi huo unafungamana na santuri, kwa kuwa katika miaka ya 1970 nyimbo nyingi za benga zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba dakika chache tu, na kwa hiyo wimbo uligawanywa pande mbili: maneno yakatangulia, kisha magitaa yakaachiwa uwanja. Ukumbini sehemu hii ya pili, ambapo gitaa la solo na la besi hujibizana, huweza kurefushwa mpaka wachezaji waloe jasho, hivyo nyimbo chache hutosha kujaza saa nyingi.

Nyimbo za sifa, zinazotaja watu kwa majina, zahitaji uangalifu zaidi, kwani aliyesifiwa akishafariki, wimbo wa shangwe huweza kugeuka kumbukumbu ya msiba. Aidha, waimbaji ambao sauti zao zimeshuka kwa umri hufaidika nyimbo zinapopigwa kwa ufunguo wa chini, na zile za mwendo wa wastani zikitangulia ili vidole vipate moto kabla ya zile za kasi.